Mita Sita za Mahaba

Mama mkwe wangu alipiga taipu miaka thelathini na minne, na siku alipostaafu vidole vyake havikupewa taarifa. Viliendelea na kazi. Akikaa kwenye kochi, vinapiga mkono wa kochi. Akisubiri chai, vinapiga meza. Nilipojifungua binti yangu, yeye ndiye aliyekuwa akimlaza mchana, na mtu mwingine angedhani anambembeleza kwa kumpigapiga mgongoni. Mimi nilikuwa naangalia, maana mimi huangalia kila kitu, nikaona hapigi ovyo. Anapiga barua. Akifika mwisho wa mstari anamsukuma mtoto kidogo kuelekea kulia, kisha anaanza mstari mwingine. Mtoto alilala fofofo. Usingizi wa kwanza wa binti yangu ulikuwa juu ya barua rasmi.

Majirani walimwita Bi Taipu, na aliitika. Mimi nilimwita Mama. Kwa miaka kumi na saba tuliyokaa nyumba moja hatukugombana kwa lolote isipokuwa dirisha. Mimi hulifunga kwa kuogopa upepo, yeye hulifungua kwa kuogopa joto.

Siku moja mezani, akiwa na miaka sitini na tisa, alisema, "Nataka kujifunza piano."

Mume wangu ni fundi wa majokofu na hajambishia mama yake tangu azaliwe. Aliendelea kutafuna. Ikabidi niulize mimi.

"Piano gani, Mama?"

"Ya kupiga."

"Lakini piano watu huanza wakiwa wadogo."

"Kwani piano inafanywaje?"

"Inapigwa."

"Na taipu?"

Nikamwongezea mchuzi.

"Inapigwa," alijijibu mwenyewe. "Kupiga ni kupiga, mwanangu. Vidole kumi, macho kwenye karatasi, mgongo wima. Kilichobaki ni kelele tu."

Halafu akatueleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Chumba chao cha mataipu, kule chuoni alikofanya kazi, kilikuwa mwisho wa korido, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa wa mbao, umepakana na ukumbi wa chuo. Kila Alhamisi saa kumi jioni mtu fulani aliingia ukumbini kufanya mazoezi ya piano. Zaidi ya dakika ishirini alipandisha na kushusha vidole tu. Kisha alianza kipande kimoja, kilekile, kila wiki.

"Kilikuwa kinafika mahali kinapanda," Mama alisema, "kinapanda, kinapanda, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba na anajua umo. Hapohapo dereva wa gari la wafanyakazi anapiga honi. Saa kumi na nusu juu ya alama. Nafunika mashine, natoka mbio."

"Hukuwahi kusikia mwisho?"

"Miaka minane sikuwahi kusikia mwisho."

"Si ungebaki siku moja tu, Mama?"

"Gari lingeniacha. Na huyu hapa alikuwa mdogo, yuko kwa jirani, ana njaa."

Mume wangu akaacha kutafuna. "Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Sijasema kosa. Nimesema njaa."

Daktari alikuwa amemwambia viungo vya vidole vinaanza kukaza, na hakumwambia vitakaza lini. Kwa hiyo Mama alikuwa na haraka. Alitaka kukipiga kipande kile mwenyewe, mbele za watu, mpaka mwisho, na asiusikie mwisho huo kwa mtu mwingine yeyote. Binti yangu alimwambia, "Bibi, nikutafutie kwenye simu? Dakika moja tu." Bibi yake akaziba masikio mawili kwa mikono miwili na kuondoka mezani.

Mwalimu tulimpata juu ya duka la kukata vioo. Nilimsindikiza kwa sababu ya ngazi. Zilikuwa ngazi ishirini na mbili, hazina pa kushika, na ya tisa ilikuwa inacheza. Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana mwembamba, mpole, na upindo wa mguu wa kulia wa suruali yake ulikuwa umefumuka. Mimi ni mshonaji wa mapazia. Mtu anaweza kuniambia habari kubwa kiasi gani, nikiona upindo umefumuka nitasikia nusu tu.

Mama alimwimbia kile kipande kwa mdomo. Kijana aliinamisha kichwa, akafumba macho akisikiliza, kisha akafumbua macho kwa furaha.

"Nakijua! Bibi, hiki ni kipande cha zama za mahaba."

Hapo upindo niliusahau. "Cha nini?"

"Mahaba, mama. Ni muziki wa zama hizo. Bila mahaba haupigiki."

"Yeye ni mjane," nikasema.

Masikio ya mwalimu yakawa mekundu. Alinieleza kwamba watunzi wa zama hizo waliandika kwa hisia nyingi, kuhusu mvua, makaburi, misitu, si lazima kitanda. Nikakubali, lakini nilihamisha kiti changu kikawa kati yao na mlango.

"Ila ni kigumu sana, Bibi," alisema. "Wanafunzi wangu hukigusa baada ya miaka saba."

"Miaka saba nitakuwa na sabini na sita. Tuanze leo."

Kipande chenyewe kilikuwa na jina refu la kigeni ambalo mimi nililishika nusu tu. Nyumbani tulikiita Ile ya Alhamisi.

Piano hatukuwa nayo. Nilimchorea vile vibao vyeupe na vyeusi kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kulia, vyote themanini na vinane, nikipima kwa futi kamba. Kila siku asubuhi alikaa pale kwa saa mbili akipiga meza, na vijiko vyote kabatini vilimjibu. Mara mbili kwa wiki tulipanda zile ngazi ili asikie alichokuwa anapiga. Jioni mume wangu aliuliza kwa uangalifu, "Wamefika wapi?"

"Mwalimu anasema mikono iko sawa," nilimjibu, "ila mahaba bado."

"Usiniambie tena," alisema.

Kweli mahaba yalikuwa bado. Mama alikuwa hakosei noti, na hilo lilimtisha mwalimu, lakini kila noti ilitoka sawa na mwenzake, kavu, kama inagongwa kwenye karatasi. Ukipita chini barabarani ungedhani juu kuna ofisi yenye kazi nyingi.

"Bibi," mwalimu alisema siku moja, karibu kulia, "hii noti ya juu inaita. Hizi za chini zinajibu kwa unyonge. Unanielewa?"

Mama aliitazama karatasi muda mrefu. "Unataka kusema hii ya juu ni herufi kubwa?"

Kijana akafikiri. "Ndiyo. Tuseme ni herufi kubwa."

"Na hizi za chini ni nakala."

"Nakala gani?"

"Zamani, ukipiga barua na karatasi za kaboni, nakala ya kwanza inatoka vizuri, ya pili hafifu, ya tatu unaisoma kwa kukisia."

"Ya tatu!" mwalimu akaruka kutoka kitini. "Piga hizo kama nakala ya tatu!"

Mama akapiga. Noti zikajibu kwa unyonge. Tangu siku hiyo walizungumza kiofisi. Mwalimu alisema, "Hapa ni barua ya onyo," na Mama alinguruma. Alisema, "Hapa juu kumeandikwa SIRI," na Mama alinong'ona. Palipokuwa na majonzi mengi aliambiwa ni barua ya kumwachisha mtu kazi ambaye yeye mwenyewe anampenda. Pale alipiga mara moja, akatoa leso. Kumbe aliwahi kuipiga barua kama hiyo.

Mguu nilimfundisha mimi. Kwenye taipu miguu haina kazi, kwa hiyo ya Mama ilikaa tu chini ya piano kama abiria. Mwalimu alipoeleza kwamba kile chuma cha chini hushikilia sauti isife, niliona hakina tofauti na cherehani ya miguu. "Kanyaga, Mama, achia. Usikanyage kama unaua mende." Wiki mbili tu akaweza, na kichwa changu kikavimba wiki nzima.

Tatizo likabaki moja. Mwaka mzima na miezi saba halikutoka.

Waliowahi kutumia mashine ya taipu watanielewa. Ukikaribia mwisho wa mstari, kengele inalia, ti! Unainua mkono wa kushoto, unashika chuma, unasukuma kila kitu kwa nguvu kutoka kushoto kwenda kulia, ndipo unaanza mstari mpya. Mama alifanya hivyo kwa miaka thelathini na minne, mara elfu kadhaa kwa siku. Sasa kila alipofika mwisho wa mstari wa muziki, ulimi wake ulisema "ti!" na mkono wa kushoto uliinuka wenyewe, ukazoa karatasi zote kutoka kwenye kibao cha kuziegemeza na kuzitupa upande wa kulia. Karatasi ziliruka mpaka dirishani. Mara mbili nilizifuata kwa wakata vioo.

"Bibi, umefanya tena."

"Nimefanya nini?"

Alikuwa hajui kabisa.

Tulijaribu kila kitu. Mwalimu alizibana karatasi kwa vibanio vya nguo, akazoa karatasi na kibao. Nilimfunga mkono kwa utepe wa pazia, ukashindwa kupiga pia. Mwalimu alikaa upande wa kulia ili azidake, akapigwa miwani.

Onyesho la wanafunzi lilikuwa limebaki mwezi mmoja. Mwalimu alimkalisha Mama, akamshika mikono, akasema kwa adabu, "Bibi, nimekutafutia kipande kingine. Kifupi. Mstari mmoja tu, kwa hiyo hakuna pa kurusha."

"Kinahusu nini?"

"Bata."

"Bata?"

"Bata anaoga."

Mama alichukua mkoba wake. Mlangoni akageuka. "Mwalimu, mimi nimepiga barua za wakurugenzi sita. Sitapanda jukwaani nina miaka sabini nipige bata."

"Basi nionyeshe," kijana akasema, na nilimheshimu kwa kusimama imara. "Piga Ile ya Alhamisi mbele yangu bila kurusha karatasi hata mara moja. Nakuweka kwenye ratiba siku hiyohiyo."

Nyumbani Mama hakupiga meza. Nilimwangalia usiku ule akila, vidole vimelala pembeni ya sahani, nikaingiwa na hofu kuliko siku alipoteleza bafuni.

Kesho yake nilikuwa nashona pazia la ukumbi wa benki, pana kama uwanja. Linapita chini ya sindano, linapita, haliishi. Nikajisemea, hili halina mwisho wa mstari. Nikasimamisha mashine.

"Mama!" niliita. "Ule mkono unainuka kwa sababu mstari umekwisha. Sasa mstari usipokwisha?"

Akaja mlangoni na miwani yake. "Mstari gani usiokwisha?"

Nilichukua nakala za muziki, kurasa saba, nikazikata mstari mmojamoja. Niligundisha mistari yote, mmoja nyuma ya mwingine, juu ya kipande kirefu cha bitana ya pazia. Mistari thelathini na mitano. Nikapima kwa futi kamba: mita sita na sentimita thelathini. Muziki wote wa mahaba, kumbe haufiki hata pazia la sebule lenye mikunjo. Mume wangu alitoa rafu za jokofu lililokufa, akaunda fremu, akakata mpini wa fagio vipande viwili na kuvitia mkono wa kuzungushia. Ilikuwa inalia kwiii, akaipaka mafuta ya kupikia. Kwa hiyo kitambaa kilitoka kwenye fimbo ya kulia, kikapita mbele ya macho ya Mama, kikajizungusha kwenye fimbo ya kushoto. Kazi ya kuzungusha nilipewa mimi.

"Mimi sijui kusoma noti, Mama."

"Usisome. Niangalie. Nikitikisa kidevu, zungusha."

Kumwangalia mtu ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Mwalimu alipotuona tunapanda ngazi na vyuma na mita sita za kitambaa alikaa chini. Mama akapiga. Dakika nane, mkono wa kushoto haukuinuka hata mara moja. Palipobaki visanduku vichache vya mwisho vya noti, akaacha.

"Mbona umesimama?" mwalimu aliuliza.

"Hapo ndipo honi ilipokuwa inapigwa. Mbele ya hapo nitasikia siku yenyewe."

"Lakini Bibi, lazima ufanye mazoezi!"

"Nimefanya. Mkono wa kulia Jumatatu, wa kushoto Jumanne, tena mezani. Haijakutana, na haitakutana mpaka siku hiyo. Umesema bila kurusha karatasi. Nimerusha?"

Mwalimu alichukua kalamu, akaandika kwenye ratiba.

Siku ya onyesho niliamka nikiwa na hofu kumi na nne, nilizihesabu. Ngazi za jukwaa. Umeme. Presha ya Mama. Watu kucheka. Mpini wa fagio kuvunjika. Nilipokagua ule mkunjo wa kitambaa niliona jambo lililoniumiza moyo: mwisho wake, upande wa fimbo ya kulia, nilikuwa nimeubana kwa pini tu. Haukuwa umeshonwa. Nyuzi zilikuwa zinachungulia. Watu sitini waone kazi yangu na nyuzi zinachungulia!

Nikautoa, nikaukunja, nikauzungushia fimbo na kushona mfereji mzuri wa kuipitishia, mpana, kama wa pazia la heshima. Ilibidi mfereji umeze kipande cha karatasi ya mwisho, lakini nilikagua kwanza. Muziki ninaujua: ni vile vidoa vyeusi, vingi kama sisimizi. Pale mwishoni palikuwa na viduara vitupu tu, vitatu vitatu, nafasi nyingi, hakuna kitu. Nikashona mara mbili ili usifumuke.

Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki na joto. Wanafunzi kumi walitangulia, wote wadogo kuliko binti yangu. Mmoja alipiga bata. Mama alimsikiliza kwa makini, akanong'ona, "Anaoga vizuri."

Halafu wakatuita. Mume wangu alibeba fremu, akaiweka juu ya piano, akarudi kitini kwa kukimbia. Watu walipoona mama mzee, na pembeni yake mwanamke mwenye kilemba ameshika mkono kama wa kisima, kuna waliocheka. Mama akanyoosha mgongo, akakung'uta vidole, akapiga.

Sitajaribu kueleza muziki. Nitasema tu nilichoona. Mzee aliyekuwa mstari wa mbele aliacha kujipepea. Pale kwenye barua ya onyo, mtoto mmoja alimpandia mama yake mapajani. Mimi nilizungusha kila kidevu kilipotikisika. Katikati jasho liliniingia jichoni, nikazungusha kwa kasi, na Mama naye ikabidi akimbie kukifuata kitambaa kisimwache. Watu wakashikana mikono kwa msisimko. Nikapunguza. Akapunguza. Mwalimu, aliyeegemea ukuta, alikuwa amejifunika uso, akitazama kwa nafasi ya vidole viwili.

Tukafika pale panapopanda. Kinapanda, kinapanda, ufunguo unatafutwa mkobani. Mama akapapita pale pa honi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akapapita. Nikazungusha kidogo.

Fimbo ikagoma. Kitambaa kimekwisha.

Mikono ya Mama ikabaki hewani. Mguu, ule niliomfundisha mimi, ulikuwa bado umekanyaga, na sauti ya mwisho ilining'inia ukumbini kama nguo kwenye kamba.

"Mwanangu," akasema bila kusogeza midomo, nadhani hivyo ndivyo walivyoongea ofisini bosi akiwa mbele, "mwisho uko wapi?"

"Si ndio hapo, Mama?"

"Hapa hapajaisha. Kuna sauti tatu zaidi."

"Huzikumbuki?"

"Mpiga taipu hakumbuki. Anasoma. Ziko wapi?"

"Zikoje?"

"Viduara. Vitupu."

Niliutazama mfereji wangu mzuri, mpana, ulioshonwa mara mbili. Miaka minane ya Alhamisi, mwaka na miezi saba ya ngazi, na mwisho wenyewe nilikuwa nimeukunja nikaushonea ndani ya upindo.

Mkasi nilikuwa sina. Nikainama nikaung'ata. Uzi wangu ni mzuri, nilijilaani kwa uzuri wake. Nikang'ata tena. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, hakuna aliyekohoa. Kwa jicho la pembeni niliona mwanamke anafuta machozi, na mwalimu ameondoa mikono usoni, mdomo wazi. Sauti ilikuwa inafifia, nakala ya pili, nakala ya tatu. Nikachomoa pini kwenye kola yangu, nikachokoa mshono wa kwanza, nikang'ata wa pili, jino likauma, uzi ukakatika prrr! Fimbo ikaanguka, ikabingirika jukwaani mpaka ikaanguka chini, kong. Nikashika mwisho wa kitambaa kwa mikono miwili mbele ya macho yake, kama ninavyomwonyesha mteja.

"Soma, Mama."

Akasoma. Mkono wa kulia wa Jumatatu ukakutana na wa kushoto wa Jumanne. Sauti ya kwanza, ya chini. Ya pili, chini zaidi. Ya tatu ilikuwa ndogo sana hivi kwamba niliiona kwenye vidole vyake kabla sijaisikia.

Mama akabaki ametulia, anasikiliza.

Kisha ulimi wake ukasema, "Ti!"

Mstari ulikuwa umekwisha. Nilijua, lakini sikuwahi. Mkono wa kushoto uliinuka, ukazoa kitambaa, fremu ya jokofu, na kilemba changu, ukavitupa vyote kulia. Mita sita za mahaba zilijifungua hewani na kumwangukia yule mzee wa mstari wa mbele. Ukumbi ulisimama. Walipiga makofi, wakapiga miguu, wakapiga viti. Mimi nilisimama pale na nywele zangu za mabutu ya nyumbani, nikainama kwa heshima, maana sikujua la kufanya lingine.

Mwalimu alitufikia anahema. "Bibi! Kile kimya! Kabla ya mwisho! Nani amekufundisha? Sekunde karibu thelathini! Mimi nisingethubutu! Hayo, Bibi, hayo ndiyo mahaba!"

"Ya mkwe wangu hayo," Mama akasema. "Mimi nimepiga tu. Na wewe vua suruali umpe huyu, akushonee upindo."

Tulirudi kwa gari la kazi la mume wangu, sisi watatu mbele, binti yangu nyuma ameshika fremu isibingirike. Sikuweza kuvumilia.

"Basi, Mama? Mwisho wenyewe ukoje?"

Alifikiri mpaka tukapita taa mbili.

"Nilidhani patakuwa na kishindo. Kumbe ni mtu anafunga mlango polepole, asiamshe waliolala." Akatikisa kichwa. "Dakika moja tu ilikuwa imebaki. Ningejua, ningeliacha gari liondoke." Akamgeukia mwanawe. "Wewe ungekula baadaye."

"Mama!" mume wangu akasema.

Nikatazama mapaja yake. Mikono ilikuwa imelala, mmoja juu ya mwingine. Tulipita mashimo, tulipita matuta, vidole havikupiga kitu. Nikamshika kiganja kuona kama ana homa.

"Nini tena?"

"Vidole vimenyamaza, Mama."

Akaviangalia kama vya mtu mwingine.

"Leo ndio vimepewa barua," alisema, na akafungua dirisha.

Nikasubiri kidogo, kwa heshima, kisha nikalifunga.